Gari Mbele ya Kibanda cha Makuti

Mama yangu alinyang'anywa nyumba yake ya Likoni kwa sababu ya taa za mbele za gari, na aliyezisoma taa hizo ni mimi. Naanza hapo ili asitokee mtu akanionea huruma nisiyoistahili. Wako wengine wenye makosa yao katika jambo hili, nami nitawasema, maana sikuumbwa na kifua cha kuweka siri. Lakini kinywa kilichonena maneno yale ni hiki changu.

Nilikuwa muuza vipuri Changamwe. Si vipuri vipya vya kwenye maboksi. Ni vile vilivyokwisha tumika, vilivyofunguliwa kwenye magari yaliyokufa: taa, vioo, radieta, milango, bampa. Kibanda kilikuwa cha baba, naye alikuwa fundi. Nilianza kumpa spana kabla sijang'oka meno ya utoto. Ninao ndugu wawili wa kiume wa baba mmoja, wakubwa zangu, ambao mama yao alifariki kabla baba hajamuoa mama yangu. Baba alipotuacha, hao ndugu walisema grisi haitoki kwenye kucha, wakaniachia kibanda. Basi nikakaa pale miaka na miaka na buibui langu. Mwanamume akija mara ya kwanza huchungulia nyuma yangu na kuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nami humjibu, "Mwenyewe ndiye huyu uliyemzibia mlango. Sema shida yako." Nikishamtajia gari lake ni la aina gani kwa kuitazama tu skrubu aliyoishika, adabu humrudia.

Nayasema haya si kwa kujisifu. Au basi, ni kwa kujisifu, kwa kuwa kujisifu ndiko kulikonifikisha hapa.

Nilipofunga kibanda kwa ajili ya maumivu ya magoti, nikahamia kwenye simu. Kuna kundi la watu wa pwani wanaotumiana picha za zamani za Mombasa. Mtu hutuma picha ya barabara, na wote huanza: hapa ni wapi, lile duka ni la nani, gari lile ni gari gani. Wengi hubahatisha tu. Mmoja aliliona Peugeot 404 akaliita Morris, nikatamani kuirusha simu dirishani. Morris Minor ni gari la mviringo kama hamri iliyofura, na 404 ina pembe huku nyuma za kumchana mtu kanzu. Vipi mtu mzima achanganye hivyo vitu viwili? Nikaanza kuwasahihisha. Lori lile ni Bedford, litazameni pua. Hiyo ni pampu ya petroli ya mkono, ilikuwa ikivutwa kama maji ya kisima. Nguzo ile ya stima haina waya, kwa hiyo mtaa ungali gizani. Haukupita muda, hapakutumwa picha yenye gari bila ya mtu kuandika, "Ngojeni bibi wa vipuri aje." Nilikuwa nikiyasoma maneno hayo mara mbili mbili.

Sasa sikiza habari ya nyumba.

Likoni kwetu, ardhi ina mwenyewe na nyumba ina mwenyewe. Mtu hujenga juu ya shamba la mwingine, akawa analipa kodi ya ardhi mwezi kwa mwezi, akazaa hapo, akazeeka hapo, na nyumba ikawa yake bila ya kumiliki hata mchanga ulio chini ya kitanda. Wageni wa bara hushangaa, sisi tumezaliwa ndani ya mambo hayo. Ubaya wake ni kwamba nyumba kama hiyo haina hati ya kusema nani aliijenga na lini. Risiti za ardhi ziliandikwa jina la baba, maana mwanamume ndiye aliyekuwa akienda kulipa. Mengine yote yalikuwa vinywani mwa watu, na watu hao tumekwisha kuwazika.

Mama alikuwa na maneno yale yale tangu nipate akili. Alipoolewa aliingia kwenye kibanda cha udongo na makuti, walimokaa baba na wanawe wawili waliofiwa na mama yao. Akakaa humo, akanizaa humo. Kisha akauza bangili za dhahabu alizotoka nazo kwao, na kwa dhahabu hiyo baba akanunua mawe na bati, ikasimama nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yake. Baba mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi hapa nimekaribishwa, nakaa kwa mke wangu," na watu wakicheka.

Ndugu zangu nao walikuwa wakicheka, mpaka alipotokea tajiri mmoja aliyepatana na mwenye shamba ajenge maghorofa, akawa anawazungukia wenye nyumba awape fidia watoke. Hapo ndugu zangu wakakumbuka mambo mapya. Wakasema nyumba ya mawe ilijengwa mama yao akiwa hai, na mama yangu aliikuta imesimama, akaingia na sanduku lake la nguo. Ikiwa ni hivyo, nyumba ni ya baba, wao ni warithi, na fungu lao ni kubwa kuliko letu. Nao walitaka kuuza hata jana. Mama hakutaka fidia ya mtu. Alitaka aachwe chumbani mwake mpaka siku yake ifike.

Mabishano yalipopamba moto, picha ikaingia kwenye kundi. Aliyeituma ni mama mmoja wa Bombolulu, binti wa mpiga picha wa zamani, ambaye ana makasha ya picha za babake. Ilikuwa barabara ya kwetu, mchana wa jua kali. Upande mmoja palikuwa na duka lenye tangazo la soda lililopakwa ukutani. Upande wa pili mtu wa mkokoteni wa maji ameegemea mapipa yake, na mkokoteni umeziba bampa ya gari lililoegeshwa. Gari lenyewe ni Volkswagen, ile tuliyokuwa tukiiita kobe, imetuelekezea uso na ubavu wa kulia. Na nyuma ya gari, kibanda cha udongo na makuti, chenye mlango wa mbao wa kuchonga ambao baadaye ulihamishiwa kwenye nyumba ya mawe. Mlango huo nimeufungua na kuufunga utoto wangu wote.

Nilivuka feri siku hiyo hiyo nikampelekea mama simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akapiga kofi gotini. "Ndicho! Wallahi ndicho kibanda changu hicho!"

Kwamba kibanda kilikuwako, hakuna aliyekana, hata ndugu zangu. Swali lilibaki moja: picha ilipigwa lini? Ikiwa ilipigwa mama ameshaolewa, basi aliingia kwenye makuti kama alivyosema, na mawe yalikuja baadaye kwa bangili zake. Ikiwa ilipigwa kabla hajaja, haimsaidii kitu. Na ndani ya picha nzima hapakuwa na cha kusema tarehe isipokuwa lile gari.

Ami yetu, ndugu wa mwisho wa baba aliyekuwa amebaki, akaita kikao pale pale ukumbini. Hakutaka twende kwa kadhi. Alisema aibu ya nyumba haianikwi kamba ya jirani. Alipomaliza kumswalia Mtume, akanigeukia mimi.

"Binti yangu."

"Abee, ami."

"Wewe ndiye mjuzi wa magari, na mji wote wajua. Tena wewe ni mtoto wa bibi huyu. Ukisema gari ni la baada ya yeye kuja, ndugu zako wanakubali kuwa hukumpendelea. Ukisema la kabla, mama yako hana wa kumlaumu. Pande zote tumekukubali."

"Tumekubali, ami," akasema ndugu yangu mkubwa, upesi upesi, na ule upesi ulipaswa kunishtua.

Mama alikuwa ameketi mkekani, bega lake limenigusa. Akasema, "Mie naikumbuka siku hiyo. Gari hilo la karani wa bandarini. Liligonga, baba yako akalitengeneza hapo uani kwa siku kadha wa kadha. Siku alipokuja kulichukua ndipo yule mpiga picha akapita. Mie nlikuwa ndani nimekupakata wewe, una surua, sikuweza kutoka."

"Mama mdogo," akasema ndugu yangu, kwa sauti ya kumliwaza mgonjwa, "umri umekwenda. Mambo huchanganyika."

Mimi sikusema, mama yangu hachanganyi kitu, ajua hata aliyemkopa chumvi mwaka wa mvua kubwa. Nilikuwa nimeshainamia simu.

Kobe wa kale na kobe wa baadaye hutambulikana usoni. Wa kale taa zake zimelala: kioo kimefuata mteremko wa madigadi, yale mabati ya duara yanayofunika magurudumu. Wa baadaye taa zake zimesimama wima. Walibadilishwa mwaka nilipokuwa najifunza kusimama, na baba alikuwa akinitania kibandani, "Wewe na taa za kobe mlisimama dede pamoja." Kwa hiyo ningeona taa zimesimama, kesi ingekwisha: gari lingekuwa dogo kuliko mimi, na mama angekuwa ndani ya kibanda kile na mwana mkononi.

Nikaikuza picha kwa vidole. Ilikuwa na ukungu, kama picha zote zilizopita kwenye simu nyingi. Lakini taa niliziona.

"Zimelala," nikasema.

Ningeishia hapo, ingekuwa si haba. Maana gari la kale laweza kupigwa picha wakati wowote, hata leo. Ningesema, "Zimelala, lakini hilo halitoshi, na picha yenyewe haionekani sawasawa," ningekuwa nimesema kweli tupu, na kila mtu angerudi kwake. Lakini watu wote walikuwa wakinitazama mimi, na wanaume wale wawili ambao hawajui kuifungua hata boneti walikuwa wakingoja neno langu. Nikalipenda lile tazamo. Nikaongeza, tena kwa sauti ya ualimu, "Na tazameni rangi inavyong'aa. Gari hili ndio kwanza limetoka dukani. Picha hii ni ya kabla yangu, na ni ya kabla ya mama. Haki haina mama wala baba."

Haki haina mama wala baba! Laiti ningeumwa na nge ulimini wakati ule.

"Mashallah," akasema ami. "Mtoto wa haki." Ndugu zangu wakanishika mkono mmoja mmoja. Mama alikusanya vikombe vya kahawa kwenye sinia, akaenda navyo uani, nami nikasikia maji yakimwagwa kwa muda mrefu kuliko vikombe vile vilivyohitaji.

Kabla ya mfungo wa mwaka ule, nyumba ilikuwa imebomolewa. Nilimleta mama kwangu Mikindani, kwenye chumba kilichoelekea barabara ya Nairobi, ambako malori hayanyamazi. Alikuja na kitanda chake na sanduku lile lile la nguo ambalo ndugu zangu walilitaja. Hakunilaumu hata mara moja. Aliniita mwanangu kama kawaida, akanisaidia kuchambua mchicha, akawa anakosea njia ya msalani kwa sababu miguu yake ilikuwa ingali ikitembea katika nyumba nyingine. Na watu wakanisifu. Kwenye arusi, kwenye hitima, mwanamke ataniinamia sikioni: nasikia ulisimamia haki hata dhidi ya mama yako, Mungu akulipe. Nikajibu amina. Mimi huyu.

Mwaka jana yule mama wa Bombolulu aliniita kwake. Alitaka kunishukuru kwa kumsaidia kuzitambua picha za babake, na akaniambia nichague picha moja ya karatasi niipendayo. Nikaichagua ile. Ilikuwa kubwa kama sinia, safi, unaona hata uzi uliochomoka kwenye shati la mtu wa mkokoteni. Nikacheka nikamwambia, "Hii imenigharimu, bibi." Nikavaa miwani, nikaiweka dirishani.

Pale ubavuni mwa gari, chini kidogo ya kioo cha mbele, palikuwa na kifuniko. Kifuniko kidogo cha bati cha kutilia petroli.

Kwenye simu kilikuwa doa tu, nilidhani tope. Lakini sasa kilikuwa wazi na kidude chake cha kukifungulia. Na kobe wa kale hana kifuniko hicho. Kobe wa kale ukitaka kumtia petroli huna budi kumfungua boneti. Kifuniko cha ubavuni kilikuja pamoja na taa zilizosimama, mwaka ule wa dede, si kabla. Tena kimekatwa kwenye mwili wenyewe wa gari, huwezi kukihamisha. Lakini madigadi na taa zake? Madigadi ya kobe hufungwa kwa bolti. Fundi na mwenzake huyafungua na kuyafunga mengine kabla ya adhuhuri.

Na kazi hiyo pwani nzima ilikuwa ndiyo kazi. Kobe mpya akigonga pua, madigadi mapya hayapatikani, au yangoja meli. Basi mtu huja Changamwe akachukua ya kobe wa kale aliyekufa, yakachongwa kidogo yakakaa, gari zima likapigwa rangi upya, likatoka linang'aa na taa za babu yake. Nani alikuwa akiwauzia watu madigadi hayo? Mimi. Nilikuwa nikiwaambia, "Chukua haya, nani atakuangalia taa?" Mtu aliyejifunza magari kwenye vitabu angefanya kosa hilo, ningemcheka mpaka nishike mbavu. Mimi sina udhuru. Na aliyeyafunga yale ya kwenye picha ni baba yangu mwenyewe, uani kwetu, na mama alilisema hilo mbele ya kikao kizima. Liligonga, baba yako akalitengeneza. Alinipa kila kitu mkononi, sikupokea.

Nilimpigia simu ndugu yangu mkubwa pale pale barazani Bombolulu. Nikamwambia gari ni la baada, nimeona kwa macho yangu, mama alisema kweli.

"Gari gani tena, dada?" akasema. Nilisikia mashine ya zege nyuma yake. Ndugu yangu amejipatia kazi ya usimamizi kwenye maghorofa ya yule tajiri, pale pale ilipokuwa nyumba. "Tuko ghorofa ya nne. Ami tumemzika. Wewe mwenyewe ulisema, na sote tulikuwapo tukakushika mkono." Kisha akacheka, si cheko la ubaya, cheko la mtu aliyeshiba. "Au leo haki imepata mama?"

Nikakata simu.

Nilimkuta mama sebuleni anachagua mchele kwenye ungo. Nikaketi chini mbele yake, nikamwekea picha mapajani, nikamshikisha miwani yangu. Nikamwonyesha kifuniko. Nikamweleza yote: madigadi, bolti, rangi mpya, na kwamba gari lile ni dogo kuliko mimi, kwa hiyo siku ile nilikuwa nimeshazaliwa, na yeye alikuwa ndani ya kibanda kile, na nyumba ya mawe haikuwako bado, na ilikuwa yake, yake peke yake, na mimi ndiye niliyemtoa. Nilikuwa nikilia kama mtoto, na maneno yanatoka bila mpango. Nikasema, "Mama, nisamehe. Sasa najua ulisema kweli."

Akaitazama picha. Akavua miwani akanirudishia.

"Nyumba n'shakusamehe siku ile ile," akasema. "Nyumba ni mawe, na mie ni mtu wa kuondoka. Nlikuwa nakungoja wewe. Nalijisemea, kuna siku mwanangu ataamka aseme, mama yangu si mwongo, nitamwamini kwa kuwa ni mama yangu."

"Nakuamini, mama. Wallahi nakuamini."

"La," akasema, na hapakuwa na hasira katika sauti yake, ningeipenda hasira. "Nlikuwa ubavuni mwako nikikwambia kwa mdomo wangu, ukaliamini gari. Leo waja waniambia kifuniko cha petroli kimenitolea ushahidi. Hata leo, mwanangu, umeliamini gari."

Akaushika ungo, akaendelea kuchagua mchele.